Pole ya Daktari Mfupi

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi. Mawingu mazito tangu alfajiri, joto la kunata, mvua ikitishia kutwa nzima bila kudondosha hata tone.

Asubuhi hiyo Daktari Mfupi alisimama mbele ya kioo cha bafuni, akijaribu kunyoosha mikunjo ya shati kwa kiganja chenye maji. Mikunjo haikunyooka. Ililowa tu, na sasa alikuwa na shati lenye mikunjo na maji. Pasi ya nyumba ile ilikuwa imeondoka pamoja na mwenye pasi, na mwenye pasi alikuwa kwa kaka yake, mtaa wa pili, tangu mwezi uliopita.

Jina lake lieleweke kwanza. Mtu huyu hakuwa mfupi. Alikuwa mrefu kiasi kwamba kila mlango ulimfanya aonekane mnyenyekevu, sifa ambayo hakuipata kwa njia nyingine yoyote. Jina lilitokana na kazi. Nusu ya maisha yake alikuwa ametafiti tiba fupi ya mazungumzo, yaani namna ya kumponya mtu mwenye majonzi au hofu kwa vikao vichache badala ya kumsikiliza miaka nenda miaka rudi. Alitafiti pia msaada wa dharura kwa mtu aliyepatwa na jambo zito ghafla, na tiba ya familia, ambamo mgonjwa haitwi peke yake bali huitwa na mwenzi wake, mama mkwe, na yeyote mwenye la kusema. Wanafunzi walimwita Daktari wa Tiba Fupi. Neno "tiba" likadondoka njiani, mtaa ukamalizia kazi.

Alisifika kwa mambo mawili. La kwanza ni siku tatu. "Mtu akipatwa na msiba," alikuwa akiwaambia wanafunzi, "siku tatu za mwanzo ndizo zote. Uwe pale. Ukichelewa hapo, umekuja kuokota vigae." La pili ni neno "pole". Aliliandikia makala ndefu kuthibitisha kwamba ndilo sindano ya kwanza ya nafsi. Alilirekodi likisemwa haraka na likisemwa taratibu, kwa sauti ya juu na ya chini, akahitimisha kwamba pole inayoponya ni ile ya sauti ya chini, kichwa kikiinama kidogo upande wa kushoto. Kwa nini kushoto, makala haikusema. Waliomfahamu walijua kwamba shingo yake ilikuwa inamuuma upande wa kulia.

Ofisi yake ilikuwa mwisho wa ukumbi mwembamba, karibu na choo cha wafanyakazi. Ndani mlikuwa na viti viwili vya mto wa kijani, kimoja chake na kimoja cha mgonjwa, na cha tatu cha plastiki kwa ajili ya mama mkwe. Palikuwa na boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Saa ya ukutani aliitundika nyuma ya kichwa cha mgonjwa, ili aweze kuangalia muda huku mgonjwa akidhani anaangaliwa yeye.

Sasa kuhusu mwenye pasi. Mkewe, mwalimu wa Kiswahili wa shule ya sekondari, alikuwa ameondoka bila kelele, na nguo zake, madaftari ya wanafunzi, na hiyo pasi. Watoto wao walikuwa watu wazima, wana miji yao, kwa hiyo hapakuwa na wa kumzuia mlangoni. Kazini Daktari Mfupi alisema mkewe amekwenda kumwuguza kaka yake kidole cha mguu. Kidole kilikuwa kinauma kweli, ila hakikuhitaji mwezi mzima wa uuguzi. Moyoni aliliita jambo lile "mapumziko yenye mipaka". Alikuwa amempigia simu mara moja kumwuliza tatizo hasa ni nini, na mkewe akamjibu, "Ungekuwepo ungejua." Alilitafakari jibu hilo, akaona halipimiki.

Jumanne hiyo ndiyo ilikuwa siku yake kubwa. Saa tisa alasiri jopo la wakuu lingekuja kuamua kama pale chuoni pafunguliwe kituo cha tiba ya familia, na yeye awe mkuu wake. Hawakutaka hotuba, walizisikia za kutosha. Walitaka kumwona akifanya kazi: familia halisi, kikao kimoja, mbele ya macho yao. Familia ilikuwa tayari, fundi magari na mkewe, pamoja na mama mkwe, watu ambao hawakuwa wamezungumza vizuri tangu mwaka uanze.

Saa saba mchana simu ikalia.

"Shikamoo, Dokta," alisema fundi magari.

"Marahaba. Mmejiandaa?"

"Ndiyo maana napiga. Hatuji."

"Hamji? Nani kazidiwa?"

"Hakuna aliyezidiwa. Tumepatana."

Daktari Mfupi alikaa kitini taratibu. "Mmepatana lini?"

"Juzi jioni. Mama mkwe alichoka kutusikia, akatufungia jikoni mimi na mke wangu, akasema hatoki mtu mpaka vyombo vyote vimeoshwa. Tukaosha. Tulipofika kwenye masufuria makubwa tukaanza kucheka."

"Bila mimi?"

"Jiko lenyewe dogo, Dokta."

"Lakini kwenye ngazi yangu ya maelewano, ya sifuri hadi kumi, mlikuwa mbili! Mtu hatoki mbili kwa kuosha sufuria. Hebu sikiliza. Hamuwezi kuja hivyo hivyo, mkagombana kidogo tu mbele ya jopo?"

"Mke wangu hapa anacheka, hagombaniki leo." Fundi akashusha sauti, maana alikuwa mtu mwema. "Pole sana, Dokta."

Ilikuwa miaka mingi tangu mtu amwambie yeye neno hilo. Hakulipenda.

Msaidizi wake wa utafiti, mama wa makamo aliyezoea kusikia makubwa na kunyamaza, alishauri jopo liombwe kuja siku nyingine.

"Jopo haliahirishwi," alisema Daktari Mfupi. Akatazama dari, kisha uso wake ukang'aa. "Na kwa nini liahirishwe? Familia ninayo."

"Unayo?" aliuliza msaidizi. "Iko wapi?"

Daktari Mfupi alikuwa ameshachukua koti.

Kaka wa mkewe alikuwa fundi friji, na uani kwake majokofu yalisimama milango wazi kama watu waliopigwa na butwaa. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, bisibisi mkononi, mguu mmoja ameunyoosha mbele. Kidole gumba kilikuwa kimefungwa bandeji nene. Mlango wa jokofu ulikuwa umekiangukia.

"Shemeji, karibu!" alisema. "Umeleta shati lipigwe pasi?"

"Nina haraka, shemeji."

"Najua. Ungekuwa huna haraka, dada yangu asingekuwa hapa."

Mkewe alikuwa amemaliza vipindi vyake mapema, ameshatoka shule. Alikuwa barazani, madaftari ya kidato cha pili yamerundikana mezani, kalamu nyekundu mkononi.

"Habari za kutwa?" alisema Daktari Mfupi.

"Nzuri. Kaa."

"Sikai, nina dakika chache tu."

"Basi simama."

Akasimama, akaeleza. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Ndivyo alivyokuwa, alimpa kila msemaji nafasi mpaka nukta.

"Kwa hiyo unataka niigize mke mwenye shida na mumewe," alisema.

"Kuigiza tu. Mume hayupo, tuseme kasafiri. Kaka yako atakuwa kaka. Ila msiseme kwamba mimi ndiye... unajua tena, jopo linaweza lisielewe."

"Mume kasafiri," mkewe alirudia. "Hapo sihitaji kuigiza."

Kaka mtu alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka.

"Nitakuja," alisema mkewe. "Lakini siigizi. Nitasema ya kweli, na wewe utanihudumia kama unavyowahudumia wengine. Nasikia vikao vyako vinaponya. Na mimi leo nataka kupona. Nikitoka pale nitajua kama narudi nyumbani au nabaki hapa na majokofu. Sikutishi, nakuarifu."

"Vizuri sana!" Daktari Mfupi alipiga kiganja kwa ngumi. "Hiyo ndiyo tunaiita ari ya mteja!"

"Sisi tunaiita hasira," alisema kaka mtu. "Mganga hajigangi, shemeji. Wenzako walishasema zamani."

"Hiyo ni methali, shemeji. Si utafiti."

Akaondoka akipiga mluzi. Yote aliyoambiwa aliyasikia, ila aliyasikia kama watu wasikilizavyo redio, wakingoja taarifa ya michezo.

Saa tisa ukumbi mdogo wa idara ulikuwa umejaa wanafunzi. Madirisha yalikuwa wazi na hewa haikuingia. Mbele palikuwa na viti vitatu, meza yenye chupa za maji, na boksi la karatasi laini. Saa ya ukutani ilikuwa imeletwa kutoka ofisini na kutundikwa mahali pake, nyuma ya mgonjwa. Jopo lilikaa safu ya kwanza: mkuu wa idara, mwanamume anayekubali kila kitu kwa kichwa, na wageni wawili, mmoja wao mama mwenye miwani iliyofungwa mnyororo, ambaye hakukubali kitu kwa kichwa hata mara moja. Hakuna kati yao aliyewahi kumwona mke wa Daktari Mfupi. Daktari Mfupi alikuwa amevaa koti joto lote lile, na aliyejua habari za pasi alijua sababu.

"Karibu, mama," alianza, kwa ile sauti yake ya kazini, ya chini na laini kama mtu anayesema karibu na mtoto aliyelala. "Hapa uko salama. Nini kimekuleta?"

Mkewe aliweka mkoba miguuni. "Mama yangu mzazi alifariki mwaka jana, joto kama hili," alisema.

Daktari Mfupi alikuwa ametegemea mambo ya chumvi kuzidi na taulo kitandani. Chini ya koti, jasho likaanza kutafuta njia.

"Endelea," alisema.

"Mume wangu alikuwa safarini. Ni msomi. Nikampigia simu siku ile ile, nalia, siwezi hata kusimama. Akaniambia, 'Pole sana. Vuta pumzi. Kesho kutwa nawasilisha mada, nikimaliza nakuja.'"

"Mada gani?" aliuliza mama wa miwani, ambaye kwa utaratibu hakutakiwa kusema kitu.

"Umuhimu wa siku tatu za mwanzo baada ya msiba."

Nyuma mtu alicheka, kisha akakigeuza kicheko kikohozi.

"Akaja?" aliuliza mama wa miwani.

"Alikuja. Siku ya nne. Tulikuwa tumeshazika, watu wanapakia viti vya kukodi. Mimi nimesimama mlangoni. Akanifuata, akainamisha kichwa hivi," na mkewe akainamisha chake, kidogo, upande wa kushoto, "akasema, 'Pole kwa msiba wako.'"

Akainua kichwa.

"Wako. Mimi nafundisha Kiswahili. Wangu, wako, wake, wetu. Kila mwaka nafundisha kidato cha pili, na kila mwaka wapo wanaokosea. Mtu huyu mama yangu alimpikia akiwa mwanafunzi hana mbele wala nyuma. Alimshonea vifungo. Alimwita 'mwanangu mrefu'. Kumbe msiba ulikuwa wangu peke yangu. Nikadhani itapita. Nimengoja mwaka mzima aseme neno. Mwezi uliopita kumbukumbu ya mama ikafika, nikamwambia leo ni siku ya mama. Akanijibu, 'Pole,' akaendelea kusoma. Nikachukua pasi yangu."

"Pasi?" aliuliza mkuu wa idara.

"Yangu. Nilinunua mimi."

Hapo, kwa kitambo kidogo sana, Daktari Mfupi aliacha kuwa daktari. Alimwona mama mkwe wake. Uani kwa bibi yule palikuwa na kamba ya kuanikia nguo, na siku ya kwanza alipofika pale kujitambulisha ilimkaba shingo, nusura aanguke chali mbele ya wakwe. Alipokuja tena kamba ilikuwa imepandishwa. Bibi yule hakusema kitu. Ila tangu siku hiyo mpaka kufa kwake alikuwa akianika nguo akiwa juu ya kigoda.

Alifungua mdomo amtaje. Macho yakaangukia kwenye saa. Zilibaki dakika chache, na alikuwa hajauliza swali la muujiza, ambalo hakuna kikao chake kilichokwisha bila hilo! Kamba na kigoda vikamtoka kichwani.

"Mama," alisema, "tuseme leo umelala, na usingizini muujiza ukatokea, tatizo lote likaisha. Ukiamka, ungejuaje kwamba limeisha?"

"Ningesikia neno."

"Neno gani?"

"Nikilitaja mimi halitakuwa na maana."

"Na kwenye ngazi ya sifuri hadi kumi, unaona neno hilo liko umbali gani?"

"She... Daktari," alidakia kaka mtu kutoka kiti cha plastiki, mguu wake wa bandeji umenyooka mbele, "mwambie tu hilo neno, muda unakwisha."

Na Daktari Mfupi alilitafuta, asisingiziwe. Alipekua makala zake zote kichwani, na mada alizowasilisha huku na huko, na maneno yote aliyowahi kuwaambia wafiwa, walioachwa, waliofukuzwa kazi. Mkewe alikuwa anamtazama jinsi mtu anavyotazama mlango ambao umeshagongwa.

Akainamisha kichwa kushoto.

"Pole," alisema. "Pole sana, mama."

Ukumbi ulipiga makofi.

Mkewe alisimama, akachukua mkoba wake. "Asante, daktari," alisema. "Nimepata jibu langu." Akatoka, na kaka yake akachechemea nyuma yake. Mwanafunzi mmoja aliandika haraka kwamba mteja ameondoka na jibu.

Mkuu wa idara alimshika Daktari Mfupi mkono kwa mikono yote miwili. Alisema pole ile ya mwisho imemgusa hapa, akajigusa tai. Mgeni wa pili alisema hajawahi kuona kitu kama kile. Mama wa miwani ndiye aliyebaki kitini.

"Swali moja," alisema. "Yule mama ni mzima kabisa, mwenye akili zake. Mimi namwulizia mume. Yule ndiye mgonjwa. Kikao chake lini?"

"Yule..." Daktari Mfupi alilegeza kola. "Yule ana shughuli nyingi."

"Basi mtafuteni. Mtu kama yule asiachwe hivi hivi. Anaweza kuwa anafanya kazi na watu."

Wote wakacheka, na Daktari Mfupi akacheka nao, kwa sababu hakuona sehemu nyingine ya kuweka uso. Jopo likakubaliana. Kesho yake saa tatu aje ofisi ya mkuu kutia saini, kituo kimepita.

Alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake. Jua lilikuwa halijazama na mawingu bado yametanda. Njiani alijiambia kwamba kikao kimekwenda vizuri, wataalamu wamesema, na ari ya mteja ilikuwa juu. Tayari alikuwa akijiona amebeba begi la mkewe kurudi nalo nyumbani.

"Tumepita!" alisema akiingia uani.

Shemeji yake alisimama kati ya majokofu mawili kama polisi wa trafiki. Nyuma yake, dirishani, pazia lilikuwa limeshushwa, na ndani ilisikika kalamu ikikwaruza karatasi.

"Muda wako umeisha," alisema shemeji. "Tutaonana kikao kijacho."

"Shemeji, acha utani. Nataka kuzungumza na mke wangu."

"Ulizungumza naye leo mbele ya umati. Ukamwita mama."

"Ilikuwa kitaaluma! Hebu nipishe."

Akapiga hatua ndefu, maana hakuwa na fupi, na kiatu chake kikatua juu ya bandeji.

Mlio uliotoka uliwafanya majirani wachungulie. Shemeji alidandia jokofu kwa mikono yote, akiruka kwa mguu mmoja.

"Pole!" alisema Daktari Mfupi, na kichwa kikaenda kushoto chenyewe. "Pole, shemeji! Pole sana!"

"Pole ya nini?" shemeji alifoka, machozi yakimtoka. "Pole ya nini na wewe ndiye uliyenikanyaga! Pole inasemwa na aliyeona! Wewe umekanyaga, bwana! Umekanyaga, halafu unanipa pole kama mpita njia!"

Nyuma ya pazia kalamu iliacha kukwaruza.

Daktari Mfupi alibaki amesimama, kichwa bado upande. Kila mtoto anajua ukimkanyaga mwenzako unasema nini. Yeye mwenyewe alijua. Lakini katika makala zote zile, kurasa zote zile, neno hilo halikuwemo hata mara moja, na sasa aliona kwa nini halikuwemo. Mwenye kusema "pole" hubaki amekaa kwenye kiti cha daktari. Mwenye kusema lile lingine lazima ainuke, ahamie kiti cha pili, akae na saa nyuma ya kichwa chake.

Alifungua mdomo. Kilichotoka ni, "Basi... nitapita kesho." Akaondoka upesi, akasahau hata kumwinua shemeji yake.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha kweli, na mitaro ilikuwa ikivuma. Daktari Mfupi alifika uani pale mapema, bila koti, na shati lake la mikunjo. Mkewe alikuwa anatoka kwenda shule, madaftari kifuani.

"Nisamehe," alisema. Sauti ya kazini haikutoka. Ilitoka nyingine, yenye mikwaruzo, kama redio iliyokaa kabatini.

Mkewe alimtazama kama anavyotazama sentensi ya mwanafunzi isiyo na kitenzi. "Kwa lipi?"

"Mama yetu alifariki, ukaniita, nikakuambia uvute pumzi. Ningeweza kuja siku ile ile. Basi lilikuwepo, hata waandaaji wa mkutano waliniambia niende. Sikuja kwa sababu jina langu lilikuwa limeshachapishwa kwenye ratiba." Akajishika shingo. "Alipandisha kamba kwa ajili ya shingo yangu. Akawa anaanika juu ya kigoda, mzee yule. Na mimi sikulibeba jeneza lake hata hatua moja."

Mkewe aliweka madaftari juu ya jokofu. Alifuta uso kwa nyuma ya mkono, si kwa karatasi laini.

"Na kidole je?" ilisikika sauti ya kaka mtu kutoka ndani.

"Na kidole, shemeji. Nisamehe."

"Nitafikiria."

"Jana," alisema mkewe, "ulinikalisha pale ukapigiwa makofi kwa msiba huo huo. Wale watu wanajua yule mume ni nani?"

"Hawajui."

"Na leo wanakupa kituo."

"Saa tatu."

Akaingia ndani, akatoka na pasi, waya wake umezungushwa kwenye mpini. Akamwekea mikononi.

"Ukishawaambia, ipeleke nyumbani. Nikitoka shule nitapita, nikiikuta mezani nitajua. Kama hujawaambia, irudishe hapa kwa kaka. Sitamwuliza mtu mwingine. Nitakuamini wewe, angalia usinitie aibu."

Akachukua madaftari yake, akaenda zake shule.

Daktari Mfupi alipita mitaa yote ile na pasi mkononi. Waya ulifunguka, ukawa unamfuata nyuma kwenye matope. Muuza magazeti alimwita, "Dokta, vipi tena? Siku hizi unawanyoosha kwa pasi?" Alipita tu. Mwanamke mmoja aliyemwona anavyotoka jasho akamwambia, "Pole na mzigo, baba," naye akasema asante.

Katika ofisi ya mkuu wa idara hati zilikuwa zimetandazwa mezani, kalamu juu yake. Mama wa miwani alikuwa pembeni, anakunywa chai. Daktari Mfupi aliinama kupita mlangoni.

"Karibu, Mkurugenzi!" alisema mkuu. "Njoo hapa, saini tu. Na hiyo pasi ni ya nini?"

"Ya nyumbani," alisema. Alitafuta pa kuiweka, akakosa, akaiweka juu ya hati. "Kabla sijasaini. Yule mume mliyemwulizia jana..."

Mama wa miwani alishusha kikombe. "Mmempata?"

"Amekuja," alisema Daktari Mfupi, akavuta kiti cha plastiki kilichokuwa karibu na mlango, akakaa.